Je, Wajua? Mambo ya Kitanzi Ambayo Kila Mwanamke Anastahili Kuambiwa

Hakuna njia ya uzazi wa mpango iliyosingiziwa mambo mengi kama kitanzi, kifaa kidogo kinachowekwa ndani ya kizazi ili kuzuia mimba. Kwenye foleni ya kliniki, saluni na katika vikao vya vikoba utaambiwa kinapanda hadi moyoni, kinamchoma mume, na mtoto huzaliwa amekishika mkononi. Wengine hukiita lupu, na wenzetu wa Kenya hukiita koili. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa za mwaka 2019, wanawake wapatao milioni 159 duniani walikuwa wakikitumia, wengi kuliko waliokuwa wakimeza vidonge. Nyuma ya kifaa hiki yuko mvumbuzi aliyefungwa jela, kampuni iliyofilisika, serikali iliyoomba radhi, na mamilioni ya wanawake waliopata nafuu ya maisha. Tumekusanya hapa mambo ambayo mwanamke anayefikiria kupanga uzazi, na mwanaume anayemjali, wanastahili kuyajua kabla ya kuamua.

Kuzuia mimba ni elimu ya kale

Je, wajua kwamba baadhi ya maandishi ya kale zaidi yanayojulikana kuhusu kuzuia mimba yaliandikwa barani Afrika? Mafunjo ya Kahun ya Misri, yenye umri wa miaka ipatayo 3,800, yanataja dawa ya kuweka ukeni iliyotengenezwa kwa kinyesi cha mamba. Mafunjo ya Ebers, ya karibu mwaka 1550 KK, yanaeleza mchanganyiko wenye mgunga, tende na asali. Utomvu wa mgunga ukichacha hutoa asidi ya laktiki, na asidi hiyo kweli hudhoofisha mbegu za kiume.

Wanazuoni wa Kiislamu nao walilijadili jambo hili bila kificho. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliorodhesha njia za kuzuia mimba katika kitabu chake kikuu cha tiba. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliruhusu azli, yaani kumwaga nje, na miongoni mwa sababu alizozikubali ni kuchelea hatari ya uzazi kwa mke na ugumu wa kuwatunza watoto wengi.

Kwetu Afrika Mashariki, wazee walionya dhidi ya kumbemenda mtoto. Wazazi walitakiwa kujizuia mpaka mtoto apate nguvu, ili mimba nyingine isije upesi. Nia ya kuachanisha watoto tulikuwa nayo zamani, na kilichobadilika ni nyenzo.

Hadithi ya ngamia haina ushahidi

Je, wajua kwamba ile hadithi ya wasafiri wa jangwani waliotia mawe kwenye kizazi cha ngamia ili wasishike mimba njiani haina kumbukumbu ya kihistoria inayoithibitisha? Imerudiwa mara nyingi kana kwamba ndiyo asili ya kitanzi. Asili inayojulikana kwa maandishi iko Ujerumani, mwaka 1909, ambapo daktari Richard Richter alichapisha maelezo ya pete aliyoitengeneza kwa uzi mgumu unaotokana na kiwavi wa hariri.

Mvumbuzi wake alitupwa jela

Je, wajua kwamba daktari aliyekifanya kitanzi kijulikane aliponea chupuchupu mikononi mwa Wanazi? Ernst Gräfenberg alikuwa na kliniki Berlin, na katika miaka ya 1920 aliwawekea wanawake pete zilizozungushiwa waya wa fedha. Matokeo yalikuwa mazuri. Baadaye sana iligundulika kwamba fedha ile ilikuwa imechanganyika na shaba. Huenda shaba ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi kubwa, bila yeye mwenyewe kujua.

Gräfenberg alikuwa Myahudi. Alifungwa mwaka 1937, akaachiliwa kwa juhudi za marafiki wa nje akiwemo Margaret Sanger, mwanaharakati wa uzazi wa mpango wa Marekani. Alifika Marekani mwaka 1940 na akafia New York mwaka 1957. Huko Japani, daktari Tenrei Ota alitengeneza pete yake mwaka 1934, lakini serikali iliyotaka watu waongezeke ilipiga marufuku vitanzi mwaka 1936. Mapema kabisa, watawala walikwisha kuona kwamba kifaa hiki kinahamisha madaraka kutoka kwao kwenda kwa mwanamke.

Uzi una kazi yake

Je, wajua kwamba ule uzi unaoning'inia kidogo kwenye mlango wa kizazi ndio unaompa mwanamke usalama wake? Mwaka 1962 daktari Jack Lippes wa Buffalo, Marekani, alitambulisha kitanzi cha plastiki laini kilichoweza kunyooshwa ndani ya mrija mwembamba, kikaingizwa bila kulazimika kupanua sana mlango wa kizazi, kisha kikajikunja chenyewe kikishafika ndani. Mkiani alikitia uzi.

Kwa uzi huo mwanamke anaweza kujipapasa kwa kidole kisafi na kujua kama kitanzi bado kipo, na mtoa huduma anaweza kukivuta kwa dakika chache siku mwenyewe akitaka. Baadhi ya wanaume husema wanauhisi wakati wa tendo. Uzi hulainika kadiri siku zinavyopita, na kama bado unasumbua, kituo kinaweza kuukata uwe mfupi zaidi. Usiukate wala kuuvuta mwenyewe.

Kitanzi cha shaba kilizaliwa kwa watu wawili wa nchi mbili

Je, wajua kwamba umbo la T lilitoka kwa mtu mmoja na shaba ikatoka kwa mwingine? Mwishoni mwa miaka ya 1960 Howard Tatum wa Marekani alibuni umbo hilo kwa kufuata jinsi nafasi ya ndani ya kizazi ilivyo, ili kizazi kisikisukume nje. Jaime Zipper wa Chile alikwisha kuona, kwa majaribio ya sungura, kwamba waya wa shaba uliowekwa kwenye kizazi huzuia mimba. Wakaunganisha mawazo yao.

Kitanzi kinachotumika sana leo huitwa TCu380A. Namba 380 ni milimita za mraba za shaba iliyo wazi juu yake. Kina upana wa milimita 32 na urefu wa milimita 36, na kinazuia mimba hadi miaka 12. Mama aliyewekewa mtoto wake anapoanza darasa la kwanza anaweza kukaa nacho mpaka mtoto huyo afike kidato cha tano.

Hakitoi mimba

Je, wajua kwamba kitanzi cha shaba hakina homoni hata kidogo? Chembe za shaba huingia taratibu kwenye ute wa kizazi, zikaziharibu mbegu za kiume na kuzinyima nguvu ya kuogelea, hivyo yai halirutubishwi. Mwili huendelea kupevusha mayai kama kawaida, hedhi huja, na maziwa ya anayenyonyesha hayapungui. Kwa mwanamke ambaye vidonge au sindano vimemletea maumivu ya kichwa, au ambaye daktari amemkataza homoni, hii ni habari njema.

Na je, kinaweza kupanda hadi moyoni? Kizazi ni mfuko usio na njia ya kwenda kifuani. Mara chache sana, kiasi cha mwanamke 1 au 2 kati ya 1,000, kitanzi hutoboa ukuta wa kizazi, hasa wakati wa kuwekwa. Hapo huweza kubaki tumboni na kuhitaji kutolewa hospitalini. Hatari hiyo ni ndogo, lakini ipo, na mteja anapaswa kuambiwa.

Nguvu yake ni kwamba hakihitaji kukumbukwa

Je, wajua kwa nini vidonge hushindwa mara nyingi kuliko kitanzi, ingawa vyote vina uwezo mkubwa? Sababu ni maisha. Kwa matumizi ya kawaida, kati ya wanawake 100 wanaotumia kondomu ya kiume kwa mwaka mmoja, takriban 13 hushika mimba. Kwa vidonge ni 7, kwa sindano ni 4. Kwa kitanzi na kipandikizi, yaani kijiti cha mkononi, hata 1 hafiki. Kidonge husahaulika siku ya msiba. Sindano huchelewa pale nauli ya kwenda kituoni inapokosekana au dawa zinapoisha. Kitanzi kikishakaa vizuri hakimdai mwanamke chochote zaidi ya kuwa macho na dalili za hatari.

Ni njia ya dharura pia

Je, wajua kwamba kitanzi cha shaba kikiwekwa ndani ya siku 5 baada ya tendo lisilo na kinga huzuia mimba kwa zaidi ya asilimia 99? Kinapita vidonge vya dharura ambavyo wengi hukimbilia duka la dawa kuvinunua, kisha kinabaki kuwa kinga ya miaka mingi. Ni wachache wanaoambiwa hivyo, hata pale huduma ipo.

Kinaweza kuwekwa kabla hujatoka wodini

Je, wajua kwamba mama anaweza kuwekewa kitanzi ndani ya saa 48 baada ya kujifungua? Asipowahi muda huo, husubiri wiki 4. Shirikisho la kimataifa la madaktari wa uzazi na magonjwa ya wanawake, FIGO, liliendesha mradi wa huduma hii katika nchi sita, Kenya na Tanzania zikiwemo. Faida yake ni kubwa kwa mama anayetoka mbali, ambaye akiruhusiwa kwenda nyumbani hajui lini atarudi.

Kikiwekwa wakati huo kina uwezekano mkubwa zaidi wa kudondoka kuliko kikiwekwa baadaye, kwa hiyo ukaguzi wa wiki chache baada ya uzazi ni wa lazima. Jambo la kuzingatia zaidi ni ridhaa. Mazungumzo yafanyike kliniki ya wajawazito, mama akiwa ametulia. Mwanamke aliye katikati ya uchungu hayuko katika hali ya kupima faida na hasara.

Kampuni moja iliharibu jina la vitanzi vyote

Je, wajua kwamba hofu ya kitanzi kuleta utasa ina chanzo cha kweli? Mwaka 1971 kampuni ya A. H. Robins ya Marekani ilianza kuuza kitanzi kiitwacho Dalkon Shield. Kilikuwa na vijimiguu pembeni, lakini balaa lilikuwa kwenye uzi. Vitanzi vingine vilikuwa na uzi wa ujiti mmoja. Uzi wa Dalkon Shield ulikuwa wa nyuzi nyingi ndogo zilizofunikwa pamoja, na bakteria walipanda humo kutoka ukeni hadi ndani ya kizazi.

Wanawake walipata maambukizi makali, mimba zikaharibika, wengine wakapoteza uwezo wa kuzaa, na wengine wakafa. Mauzo yalisimamishwa Marekani mwaka 1974. Kampuni iliomba hifadhi ya mufilisi mwaka 1985, na madai ya waathirika yalipita 300,000. Kutokana na janga hilo Marekani ilitunga sheria mwaka 1976 ya kukagua vifaa tiba kabla havijaingia sokoni. Wanawake waliolalamika mapema hawakusikilizwa, na gharama ya kutowasikiliza ilikuwa miili yao.

Kitanzi cha leo hakileti utasa

Je, wajua kwamba swali la utasa lilichunguzwa kwa makini nchini Meksiko? Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulihusisha wanawake 1,895 na kulinganisha waliokuwa na mirija ya uzazi iliyoziba na wasiokuwa nayo. Waliowahi kutumia kitanzi cha shaba hawakuwa na hatari zaidi ya kuziba mirija. Waliokuwa na alama za kuwahi kuugua klamidia, ugonjwa wa zinaa ambao mara nyingi hauna dalili, ndio waliokuwa hatarini.

Hatari ya maambukizi huongezeka kidogo katika siku 20 hivi za mwanzo baada ya kuwekwa, hasa kwa mtu aliyekuwa tayari na kisonono au klamidia. Ndiyo maana mtoa huduma makini huuliza maswali ya faragha na kupima pale inapohitajika. Jibu ukweli, hata kama unaona haya. Ukikitoa, uwezo wa kushika mimba hurudi mara moja. Kwa sindano ya miezi mitatu, huchukua wastani wa miezi 10 hivi tangu sindano ya mwisho.

Huenda kinasaidia dhidi ya saratani

Je, wajua kwamba uvumi wa kitanzi kuleta saratani ya mlango wa kizazi unapingana na ushahidi? Uchambuzi wa tafiti 26 uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba waliowahi kutumia kitanzi walikuwa na hatari ya saratani hiyo karibu nusu ya ile ya wasiowahi kukitumia. Huo si uthibitisho kwamba kitanzi ni kinga, na hakichukui nafasi ya chanjo ya HPV kwa mabinti wala uchunguzi wa mlango wa kizazi. Kwa nchi kama Tanzania, ambako saratani hii inaongoza miongoni mwa wanawake, siku ya kuwekewa kitanzi ni siku nzuri ya kuomba uchunguzi huo pia.

Wanawake wa Kisumu walijibu swali la dunia

Je, wajua kwamba wanawake wa Kenya walisaidia kumaliza mjadala wa miaka mingi kuhusu uzazi wa mpango na Virusi vya UKIMWI? Wataalamu walihofia kwamba sindano huongeza hatari ya maambukizi. Kati ya mwaka 2015 na 2018, utafiti wa ECHO uliwashirikisha wanawake zaidi ya 7,800 wa Eswatini, Kenya, Afrika Kusini na Zambia, Kisumu ikiwa mojawapo ya vituo. Kwa bahati nasibu wengine walipata sindano, wengine kipandikizi, wengine kitanzi cha shaba, na wote walikubali hivyo kwa hiari yao.

Matokeo ya mwaka 2019 hayakuonyesha tofauti kubwa ya maambukizi kati ya njia hizo tatu. Lakini yalifichua jambo la kuhuzunisha: wanawake 397 waliambukizwa wakati wa utafiti, licha ya kupewa kondomu na ushauri. Kitanzi huzuia mimba tu. Kama huna uhakika na hali ya mwenzi wako, kondomu bado inahitajika.

Maumivu ya wanawake yamechelewa kuaminiwa

Je, wajua kwamba kwa miaka mingi wanawake wamekuwa wakiambiwa watahisi kama kubanwa kidogo tu wanapowekewa kitanzi, basi? Ukweli ni kwamba uzoefu hutofautiana sana. Wako wanaoshuka kitandani wakauliza kama kazi imekwisha. Wako wanaopata maumivu ya tumbo kama ya hedhi kwa siku moja au mbili. Na wako wanaosema yalikuwa maumivu makali, wakatokwa na jasho na kizunguzungu, hasa ambao hawajawahi kuzaa kwa njia ya kawaida.

Mwaka 2021 mtangazaji wa BBC, Naga Munchetty, alisimulia hewani jinsi alivyoumia na kuzimia alipowekewa kitanzi, na wanawake wengi wa Uingereza wakajitokeza kueleza yao. Mwaka 2024 mamlaka ya afya ya Marekani, CDC, ilitoa mwongozo unaowataka watoa huduma kumweleza kila mteja kuhusu maumivu na kumpa njia za kuyapunguza, ikiwemo ganzi ya lidokeini.

Kwa hiyo uliza mapema: nitapewa nini nikiumia? Unayo haki ya kusema simama, na mtoa huduma asimame. Maneno ya kukebehi, kama kukumbushwa kwamba uliwahi kuzaa na hukulia, hayana nafasi katika chumba cha tiba.

Damu itabadilika, na ni vema kujua mapema

Je, wajua kwamba hedhi nzito ni mojawapo ya sababu kubwa za wanawake kukitoa kitanzi cha shaba? Katika miezi 3 hadi 6 ya mwanzo damu huweza kuwa nyingi, siku zikaongezeka na tumbo likauma zaidi. Kwa wengi hali hutulia, kwa baadhi haitulii. Mwanamke mwenye upungufu wa damu, au ambaye pedi za mwezi mmoja tayari ni mzigo mfukoni mwake, anapaswa kulipima hilo kabla. Aliyeambiwa mapema huvumilia miezi hiyo kwa utulivu. Asiyeambiwa hudhani anakufa, akakitoa, akaenda kuwatisha wenzake kwa haki kabisa.

Kwa mwenye hedhi nzito kipo kitanzi cha homoni. Kilibuniwa Finland na timu ya Tapani Luukkainen na kuidhinishwa huko mwaka 1990. Hutoa kiasi kidogo cha levonogestreli ndani ya kizazi, na kwa wengi hedhi hupungua sana au hukoma. Shirika la Afya Duniani lilikiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015. Tatizo letu ni upatikanaji, kwani katika vituo vingi vya umma cha shaba ndicho kinachoonekana zaidi.

Kifaa hicho hicho kimewahi kuwa silaha

Je, wajua kwamba kwa mujibu wa takwimu rasmi za China, vitanzi milioni 324 viliwekwa kwa wanawake wa nchi hiyo kati ya mwaka 1980 na 2014? Katika enzi ya sera ya mtoto mmoja, mwanamke aliyezaa mtoto wa kwanza alitakiwa kuwekewa. Vingi vilikuwa pete za chuma zisizo na uzi, makusudi, ili wenyewe wasiweze kuvitoa bila kupasuliwa. Sera ilipolegezwa, serikali iliwaambia waje wavitoe bure. Baadhi yao walikuwa wamekwisha kuupita umri wa kuzaa.

Greenland nako, kuanzia mwaka 1966, madaktari chini ya utawala wa Denmark waliwawekea vitanzi wanawake na mabinti wa Kiinuiti wapatao 4,500 ndani ya miaka michache, wengi bila ridhaa yao, wengine wakiwa wasichana wa shule. Hiyo ilikuwa karibu nusu ya wanawake wote wenye umri wa kuzaa katika kisiwa hicho. Mmoja wao, Naja Lyberth, aliyewekewa akiwa mwanafunzi, alivunja ukimya miongo kadhaa baadaye, na wenzake wakafuata. Mwezi Septemba 2025 Waziri Mkuu wa Denmark, Mette Frederiksen, alifika Nuuk kuwaomba radhi ana kwa ana.

Hakuna ubaya uliokuwa ndani ya plastiki na shaba. Ubaya ulikuwa katika kuamua juu ya mwili wa mtu bila kumuuliza.

Kuelezwa vizuri hubadilisha uchaguzi

Je, wajua kinachotokea mwanamke anapoelezwa njia zote na kupewa anayoitaka bila malipo? Huko St. Louis, Marekani, mradi wa CHOICE uliwaandikisha wanawake 9,256 kati ya mwaka 2007 na 2011. Robo tatu walichagua kitanzi au kipandikizi. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 86 ya hao walikuwa bado wanatumia njia waliyoichagua. Kwa waliochagua vidonge, sindano na njia nyingine za muda mfupi ilikuwa asilimia 55.

Afrika Mashariki picha ni tofauti. Kenya, iliyoanzisha mpango wa taifa wa uzazi wa mpango mwaka 1967, imeshuka kutoka wastani wa watoto 8 kwa mwanamke mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi 3.4 mwaka 2022. Safari hiyo imebebwa zaidi na sindano na vipandikizi. Kitanzi kiko nyuma, kama kilivyo Tanzania. Uvumi ni sababu mojawapo. Nyingine ni uhaba wa watoa huduma waliofundishwa na wenye vifaa, vyumba visivyo na faragha, na haya ya kuvua nguo mbele ya mgeni. Mwanamke anayechagua kijiti cha mkononi kwa sababu hizo hajakosea. Anapima kile kilicho mbele yake.

Kukitoa ni haki sawa na kukiweka

Je, wajua kwamba Itifaki ya Maputo ya Umoja wa Afrika, iliyopitishwa mwaka 2003 na kuridhiwa na Tanzania na Kenya, inatamka wazi katika kifungu cha 14 haki ya mwanamke kuamua idadi ya watoto, nafasi kati yao, na njia ya kuzuia mimba aitakayo? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo inataja huduma ya afya ya uzazi kama haki, katika kifungu cha 43.

Hata hivyo, wapo wanawake wanaorudi kituoni kukitoa na kuambiwa wavumilie kwanza, au waeleze kwa nini, au waje na mume. Mtoa huduma anaweza kushauri na kutibu madhara. Mwanamke akisema toa, kitolewe. Njia ambayo huwezi kuiacha si chaguo lako tena.

Kabla hujapanda kitandani

Kitanzi hakimfai kila mtu. Mwenye ujauzito, mwenye maambukizi ya via vya uzazi, anayetokwa damu isiyojulikana chanzo, mwenye uvimbe uliobadili umbo la kizazi, na mwenye saratani ya mlango wa kizazi asiwekewe. Ambaye hajazaa anaweza kukitumia. Anayeishi na VVU na hali yake ni nzuri kwa dawa anaweza pia.

Ukifika kituoni, uliza haya:

- Njia zote zilizopo leo hapa ni zipi, na zipi mmeishiwa?
- Atakayeniwekea ana uzoefu gani?
- Nitapewa nini kwa maumivu?
- Hedhi yangu itabadilikaje?
- Nirudi lini kukaguliwa, na nani atanitolea nikitaka?

Rudi haraka ukipata homa na maumivu ya chini ya kitovu, uchafu wenye harufu, hedhi isiyokuja, au usipouhisi uzi.

Mume, simama upande wa mkeo: msindikize, msikilize, usimwamulie. Muuguzi, mweleze mteja hata yale yanayoweza kumfanya akatae. Nawe dada, mama, binti, huduma hii hutolewa bila malipo katika vituo vya umma Tanzania. Itafute nembo ya uzazi wa mpango, Nyota ya Kijani, ingia, uliza mpaka uridhike, kisha chagua wewe. Ukichagua kitanzi, ni sawa. Ukichagua njia nyingine, ni sawa. Ukibadili mawazo kesho, bado ni sawa, kwa sababu mwili ni wako.